Mwendo Mmoja kwa Kijiji Kizima

Rafiki yangu wa zamani, Jumanne, alinipigia simu nikiwa nimeinamia suruali ya mwalimu mmoja wa hapa Unyambwa. Alisema, "Dada Salima, Yona amefariki. Tunazika kesho, kwao, upande wa Manyoni. Nitapita kukuchukua asubuhi." Nikamwambia sawa. Nikarudi kwenye cherehani, na nilipomaliza nikaona mguu mmoja wa suruali nimeufupisha na mwingine nimeuacha kama ulivyokuja. Mtu wa kuamini ishara angesema hiyo ni ishara. Mimi nilikereka tu, nikaanza kufumua. Sikulia. Kilichonijia kwanza kichwani ni kwamba sasa sitapata jibu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa najiambia kwamba siku moja nitamkalisha yule Mgogo kitako nimuulize: ule mwaka wa katuni, ulikuwa unanicheka au ulikuwa unaniona? Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza. Manyoni si ng'ambo ya bahari. Kila mwaka nikasema mwaka ujao, na yeye amekwenda zake.

Niseme mapema ili msomaji asihangaike. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na nachechemea tangu nijitambue. Sina habari ndefu juu ya hilo, na watu wanaotaka habari ndefu huwa wananichosha. Nimeolewa, nimezaa, nimelima alizeti, nimeshonea watu nguo za harusi na sanda zao. Lakini kuna mwaka mmoja, nikiwa binti wa miaka ishirini na kitu, mguu huu ulifanywa kazi. Ulichorwa, ukapigwa picha, ukavalishwa nguo za watu wengine na kuoneshwa hadharani pale Ikungi. Na mpaka leo sijui niseme niliheshimiwa au nilidhalilishwa. Nimewahi kumweleza mume wangu, akasema niamue moja nipumzike. Nimejaribu. Hainitoki.

Studio yenyewe, ambamo Yona na Jumanne walikuwa wanatengeneza katuni, ilikuwa nyumba ya uani ya Bi Zuhura, mama yake Jumanne, pale Mandewa, Singida mjini. Vyumba vitatu vilivyojengwa kwa ajili ya wapangaji, na ukumbi mrefu mwembamba uliotazama jiko. Yona alikuwa ameandika juu ya mlango kwa rangi ya bluu, Upepo Katuni. Jina hilo sikulielewa, kwa sababu upepo ndio uliokuwa adui yao mkubwa. Upepo wa Singida haumwogopi mtu. Ukiacha dirisha wazi kidogo tu, kazi ya wiki nzima inaruka mpaka kwenye banda la kuku la jirani, na mara mbili nilimwona Jumanne akiwafukuza kuku waliokuwa wanadonoa uso wa mtu. Kwa hiyo walifunga madirisha, wakakaa na joto lao. Mimi nilifika pale kwa sababu ya mapazia. Nilikuwa najifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa mjini, naye akanituma nikapime madirisha ya chumba walichokuwa wanapigia picha, maana walitaka kitambaa cheusi kisichopitisha mwanga hata wa sindano.

Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikapima dirisha la kwanza, nikavuka chumba kwenda la pili. Kulikuwa na mwanamume ameinamia meza ya kioo yenye balbu chini yake, mwanga unampanda usoni kutoka chini. Hakuniangalia nilipoingia. Nilipovuka akasema, "Rudi." Nikadhani nimekanyaga kitu chake. Nikarudi. Akasema, "Tembea tena." Sasa hapo nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Watoto wa shule walikuwa wananifanyia hivyo, si mtu mzima mwenye ndevu. Nikamuuliza kama mama yake alikuwa na haraka alipokuwa anamfundisha adabu. Akainua kichwa. "Wewe kabila gani?"

"Mnyaturu."

"Basi mimi Mgogo." Akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Nitukane utakavyo, nipige hata na hiyo futi kamba, lakini kununa huruhusiwi."

Hapo akanifunga mikono. Kwetu sisi Mgogo na Mnyaturu ni watani. Mkikutana mnachambana kama watoto, na atakayenuna ndiye aliyekosa. Ukifika msiba wa mtani wako hata usilie. Unanyakua kofia ya marehemu, koti lake, unavaa, unaigiza alivyokuwa anaongea na alivyokuwa anatembea, na wafiwa wakishacheka ndipo msiba unahesabiwa umekaa sawa. Ndivyo tulivyokuta. Kwa hiyo nilimwambia, "Mgogo, nilidhani umekuja huku kuomba chumvi, kumbe umepata na meza," nikavuka chumba tena mbele yake, polepole, makusudi, ili aone vizuri na ashibe. Akachukua penseli. Mimi nilikuwa najibu tusi, yeye Yona alikuwa anachora. Tulianza vibaya hivyo, kila mtu na lake.

Mapazia yalipokwisha sikuondoka. Sikumbuki kama kuna mtu aliniomba nibaki. Nilianza kwa kushona migongo ya vitabu vyao vya michoro, nikaja kupaka rangi mandhari: mawe, vichaka, mbingu. Mawe nilikuwa nayajua kuyapaka. Mtu wa Singida asiyejua mawe amekaa wapi? Kwa asiyefahamu kazi yenyewe, katuni ni uvumilivu tu. Unachora mtu mguu uko chini. Unaweka karatasi nyingine juu yake, kwenye misumari miwili iliyopigwa kwenye ubao ili zisisogee, unachora mguu umeinuka kidogo. Nyingine, umeinuka zaidi. Dazeni nzima kwa sekunde moja, na mtu hajafika hata mlangoni. Kisha kila karatasi inapigwa picha, na Jumanne anaziingiza kwenye kompyuta yake yenye mgongo mkubwa kama kabati, anaziunga, anavalisha rangi. Chumba cha kompyuta kilikuwa hakiingiwi ovyo kwa sababu ya vumbi. Mimi niliona karatasi. Picha zikitembea sikuziona ila vipande vifupi, siku Jumanne akiwa na furaha.

Walikuwa wameshafanya kazi mbili kabla yangu. Ya kwanza iliitwa Mikono Miwili, ya watu wa afya, kuhusu mikono ya mtu mmoja iliyogombana ikakataa kuoshana. Nasikia watoto kwenye zahanati walikuwa wanaushangilia mkono wa kushoto, ambao ndio uliokuwa mchafu, na watu wa afya hawakupenda. Ya pili lilikuwa tangazo la mafuta ya alizeti. Yona alichora shamba zima la alizeti linaligeukia jua, halafu chupa ya mafuta inapita na alizeti zote zinaliacha jua, zinaigeukia chupa. Mfanyabiashara akalalamika kwamba maua yanatazama upande usiofaa. Yona akamweleza, mfanyabiashara akasema ameelewa, lakini ayageuze. Akayageuza. Kwa hiyo tangazo lililotoka lilikuwa la shamba la alizeti linaloikataa chupa kwa nguvu zote, na mteja akaridhika. Jumanne kila akilisimulia alikuwa anashika ukuta kwa kicheko. Yona alikuwa hacheki. Alikuwa anasema tu, "Niliyageuza kama alivyotaka," na huwezi kujua kama ana uchungu au anakejeli. Uso wake ulikuwa hivyo. Nimekutana na watu wengi wagumu kusomeka, lakini yule ameshinda.

Kazi ya tatu ndiyo ya mwaka wangu, nayo iliitwa Waliofuata Maji. Kijiji kinaamka kinakuta kisima kimekauka. Bibi mmoja analaza sikio chini, anasikia maji yanatembea huko chini ya ardhi, yanaondoka. Basi kijiji kizima kinafunga mizigo, kinayafuata. Hiyo ndiyo hadithi, watu wanatembea mwanzo mpaka mwisho. Kulikuwa na wageni waliotarajiwa kuja kuitazama pale Ikungi siku ya mnada, na wakiipenda, studio ingepata kazi nyingine za kuishi nazo. Wakiikataa, Bi Zuhura alishasema atavirudisha vyumba vyake kwa wapangaji wanaoeleweka. Kila mtu alijua hivyo na hakuna aliyekuwa analitaja.

Kila asubuhi baada ya chai nilitembea. Kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa mwisho wa ukumbi, nikageuka, nikarudi. Yona alikuwa kwenye meza yake, penseli mkononi. "Rudi. Tembea tena." Nikamuuliza anachora nani. Akasema, "Bibi mmoja tu. Anaonekana kidogo." Nikasema haya, bibi anaweza kuchechemea, mabibi wanaruhusiwa. Sijui niseme vipi nilivyokuwa najisikia. Watu wote niliowajua, nikitembea, walikuwa wanatazama pembeni kwa heshima au wananitazama kwa huruma, na vyote viwili vilikuwa vinanichoma. Huyu alikuwa ananitazama kama fundi anavyotazama mshono. Alikuwa anasema, "Hapo kiunoni, kabla mguu haujashuka, unasubiri kidogo. Unasubiri nini?" Mimi nikamjibu, "Namsubiri Mgogo aoge." Lakini nikirudi nyumbani njiani najikuta naangalia kweli, ni kweli kiuno kinasubiri, sikuwahi kujua. Nilikuwa nafurahi na nilikuwa naona haya, vyote pamoja, na usiniulize kipi kilikuwa kikubwa.

Chakula cha mchana alikipika Bi Zuhura. Yeye alikuwa na asili ya pwani, aliolewa huku akazeekea huku, na hakuwahi kuisamehe Singida kwa kukosa minazi. Ijumaa tulikula pilau. Siku nyingine ugali wa uwele na mlenda, na wakati wa kuusonga ugali alikuwa anaulaumu. Mimi na Jumanne tulikula naye jikoni, kwenye mkeka. Chakula cha Yona kilipelekwa mezani kwake, kinawekwa juu ya kioo, kando ya karatasi, na taa inakimulika kutoka chini mpaka ugali unang'aa. "Huyu bwana atakufa kakaa," Bi Zuhura alikuwa anasema. "Mwanangu Salima, mwambie atembee japo aende chooni kwa mbali."

Jikoni pale ndipo nilipoyasikia. Ilikuwa karibu na siku ya mnada, namenya vitunguu na Bi Zuhura, ukuta wa matofali mabichi kati yetu na chumba cha kompyuta. Sauti ya Jumanne ikaja, ya mtu aliyechoka. "Watamcheka."

Yona akasema, "Wacheke."

"Yona, mimi nakwambia watamcheka."

"Na mimi nakwambia wacheke. Weka hivyo hivyo, wote."

Nilimtazama Bi Zuhura, naye akatazama kitunguu. Nikamuuliza, "Watamcheka nani?" Akasema, "Mambo ya studio hayo, sisi tumenye." Niliwaza labda ni yule mzee wa kwenye hadithi aliyebeba kitanda kichwani safari nzima. Kile kilikuwa kichekesho, kila mtu angecheka. Nikamenya. Macho yalikuwa yananitoka machozi ya vitunguu, na nakumbuka nilifikiri kama nitalia kweli sasa hivi hakuna atakayejua.

Pale Ikungi tulipewa ghala la mazao karibu na uwanja wa mnada. Nilitundika mapazia yangu meusi kwenye matundu yote ya hewa, mchana wa jua kali ukawa giza ndani. Watu walijaa: waliotoka kuuza mbuzi, waliokuja kununua ndoo, kina mama na watoto migongoni, na wageni wetu mbele kwenye viti vya plastiki. Nilikaa katikati ya benchi, Bi Zuhura upande mmoja, mzee mmoja mwenye fimbo upande wa pili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Picha ikawaka ukutani.

Kisima kikakauka. Watu wakaguna vizuri. Bibi akatoka nyumbani kwake, akatembea kwenda kisimani, na alikuwa mimi. Sikuhitaji kuambiwa. Kiuno kikasubiri, mguu ukashuka. Nilikaza vidole kwenye benchi, lakini nilijua atakuja, nikajikaza. Watu wawili watatu wakacheka kidogo. Halafu akatoka mwenyekiti wa kijiji, tumbo mbele, kofia kichwani, na yeye akachechemea. Kiuno kikasubiri, mguu ukashuka. Akatoka mke wake. Wakatoka watoto. Akatoka askari mwenye bunduki. Mzee wa kitanda naye, na kitanda chake kikawa kinachechemea hewani. Kijiji kizima kilijipanga njiani kufuata maji, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na nguo zake na sura yake, na miguu yao wote ilikuwa yangu. Ghala likaanza kucheka. Mwanzo hapa na pale, mwisho ghala zima, watu wanapigana mabega. Mzee aliyekaa karibu nami akaniinamia, kwa upole kabisa, akaniuliza, "Binti, hiki ni kijiji gani ambacho hakuna hata mmoja mzima?"

Nikasimama. Sikufikiri. Nilitaka mlango, na mlango ulikuwa mbele, upande wa wageni. Kufika pale ilinibidi nipite mbele ya ukuta wa picha, na taa ya mashine ya kuoneshea picha ikanimulika. Kwa hiyo walituona wote pamoja, mimi chini na kijiji juu yangu, tunachechemea upande mmoja. Kicheko kikakatika. Nilisikia mashine ikinguruma na miguu yangu kwenye sakafu, hakuna kingine. Nilipofungua mlango jua likaniingia machoni, na nyuma yangu wakaanza kupiga makofi. Makofi mengi, ya muda mrefu. Mpaka leo sijui walikuwa wanampigia nani, au wanapigia nini. Niliwahi kudhani walinionea huruma. Niliwahi kudhani wameipenda picha. Kuna miaka niliamini walidhani kutoka kwangu ni sehemu ya onesho.

Yona alinikuta nje nyuma ya ghala. Nilimwambia maneno ambayo hayahusiani na utani. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni, na uso wake ule usiosema kitu. Kisha akasema, "Muda ulikuwa mdogo, Salima. Nilichora mwendo mmoja, nikawagawia wote." Nikamwambia anitazame machoni. Akanitazama. Akasema, "Na nyinyi Wanyaturu si wote mnachechemea? Mtani hanuni." Nilipanda gari la vitunguu lililokuwa linarudi mjini, sikumuaga mtu.

Wageni hawakuwahi kuleta kazi nyingine. Kama waliipenda au waliichukia hatukuambiwa. Radi ya masika yale ikaichoma kompyuta ya Jumanne na kila kilichokuwa ndani yake, na nakala ya mkanda aliyokuwa nayo Yona ikaota ukungu. Waliofuata Maji haipo tena, ukiitafuta huipati. Bi Zuhura akaleta wapangaji wanaoeleweka. Yona akarudi kwao, nasikia akawa anachora mabango ya maduka na kuta za shule. Na mimi nikajifunza kufika mahali mapema kabla watu hawajajaa, niwe nimekaa. Harusini, msikitini, kwenye vikao vya shule vya wanangu, mimi ni wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Watu wa Unyambwa wananisifu kwa kuwahi. Hawajui nawahi nini.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani Jumanne aliponipitia. Ana mvi sasa, na ana duka la rangi mjini. Tulipofika Ikungi akapunguza mwendo bila mimi kusema. Ghala lipo bado, lina bati jipya. Tukalitazama wote wawili kwa dirisha. Ndipo aliposema, "Unajua mimi nilichorwa kabla yako."

Nikamuuliza kivipi.

"Mwendo wangu. Kabla hujaja na futi kamba yako. Yona aliuchora wote, tukaupiga picha, nikauingiza kwenye kompyuta. Ulikuwa tayari kuvalishwa watu. Ulipokuja akaniambia niufute."

"Aliniambia muda ulikuwa mdogo. Alichora mmoja."

"Muda ulikuwa mdogo kwa sababu tulianza upya." Akabadilisha gia. "Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwendo wangu ni wa mtu anayekwenda dukani. Akasema hawa wanahama kwao. Lakini Yona unamjua, alikuwa anasema mengi. Pengine alikuona kituko tu. Sijui, dada. Mimi nilijua watakucheka, nikamwambia."

"Nilikusikia."

Tukaendelea. Na mimi nikazidi kuchanganyikiwa. Miaka yote nilikuwa na kisingizio kimoja cha kumpunguzia lawama, kwamba alibanwa na muda, akatumia kilichokuwepo. Sasa hata hicho kimeondoka. Alikuwa na mwendo mzima, mzuri, wa mtu mwenye miguu sawa, akautupa, akachagua wangu. Makusudi. Sasa makusudi gani? Mtu anaweza kukuchagua kwa mapenzi na mtu anaweza kukuchagua kwa dharau, na ukiwa wewe ndiye uliyechaguliwa unajuaje? Niligombana naye kichwani mpaka Manyoni.

Msibani tulikuta watu wengi na ukimya mwingi. Jeneza lilikuwa ndani, kaburi limeshachimbwa nyuma ya nyumba, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Kuta za nje za nyumba zilikuwa zimejaa michoro, ng'ombe na watu na mawe, rangi zimepauka. Nikatoa pole. Mjane wake, Mama Eliya, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, akanishika mkono, akauliza natoka wapi. Niliposema Singida, Mnyaturu, akanyanyua uso. "Mtani," akasema. "Tangu jana nauliza watani wako wapi. Anazikwa kimya kama mtu asiye na watu." Akamwita shemeji yake. Yule bwana akaingia ndani, akatoka na koti la kahawia na kofia ya pama iliyoliwa na rangi ukingoni, akanikabidhi mbele ya watu wote. "Tuoneshe ndugu yetu," akasema.

Nilivaa. Koti lilinifika magotini, linanuka mafuta ya taa na rangi. Watu wakageuka, wakasogeza mabenchi kidogo kunipa uwanja. Na hapo, nimesimama na koti la Yona, nikagundua kwamba sijui alivyokuwa anatembea. Nilijua mgongo wake. Nilijua alivyokuwa anapuliza unga wa penseli na alivyokuwa anakula ugali bila kuutazama. Ningeweza kuigiza alivyokuwa anakaa, kwa siku nzima, na wangecheka. Lakini mwaka mzima aliutazama mwendo wangu, na mimi wake sikuutazama hata siku moja. Siku pekee aliyonijia kwa miguu yake, nyuma ya ghala, nilikuwa nimefunika uso. Watu walikuwa wananisubiri. Sikuwa na kingine cha kutoa, kwa hiyo nilitoa nilichonacho. Nikatembea. Kiuno kikasubiri, mguu ukashuka, na koti likayumba.

Hakuna aliyecheka. Nikasema moyoni, basi, nimeharibu msiba wa watu. Halafu sauti ya mtoto ikatoka kwenye mkeka wa wanawake, kasichana ka miaka sita au saba, kameshika kitenge cha bibi yake. "Bibi, huyo babu."

Mama Eliya akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha akawa anafanya yote mawili. "Ndiye," akasema. "Jamani, ndiye kabisa. Alikuwa anawasimulia wajukuu habari za watu waliofuata maji. Kila siku jioni, hapa hapa uwanjani. Anatembea hivyo, wao nyuma yake. Nilimwambia mzee acha, utazoea utaharibika mguu. Nikamuuliza huo mwendo ni wa nani. Anacheka tu, hasemi."

"Alikuwa anacheka vipi?" nikamuuliza. Nilihitaji kujua. Nilimuuliza nimesimama katikati ya msiba na kofia ya mumewe kichwani. "Mama, alikuwa anacheka kicheko gani?"

Akanitazama, koti, kofia, miguu. Nadhani alielewa hapo mimi ni nani. Akafungua mdomo, lakini yule mtoto alikuwa ameshasimama. Akaja nyuma yangu bila kuitwa, akajiweka sawa, na kiuno chake kidogo kikasubiri, mguu ukashuka. Hakukosea hata kidogo. Alikuwa anaujua mwendo wangu kuliko wanangu wa kuzaa. Wa pili akaja, wa tatu, wajukuu wote, wakajipanga kwa ukubwa kama watu waliozoea. Kisha mjomba mmoja wa kwenye benchi, mtu mzima, akavua viatu akaingia nyuma. Wanawake wakasimama. Watu walikuwa wanacheka sasa, kwa nguvu, na wengine wanalia humo humo. Nilimwona Jumanne amesimama kando na mikono kichwani, kisha na yeye, mwenye mwendo wa kwenda dukani, akaingia kwenye mstari, akajaribu, akakosea.

Mtoto aliyekuwa nyuma yangu akanivuta koti. "Usisimame," akasema. "Babu hasimami mpaka ukutani."

Nikatembea mpaka kwenye ukuta wa nyumba, ule wenye ng'ombe waliopauka. Nikageuka. Uwanja mzima ulikuwa umejipanga mbele yangu, wakubwa kwa wadogo, na hakuna hata mmoja mzima. Jibu sikulipata, na nilikuwa nacheka. Nikamsikia Yona waziwazi, amekaa kwenye meza yake kule Mandewa, penseli mkononi, hata kichwa hajainua: "Rudi." Nikarudi, nikatembea tena.